Unga wa Chuma na Nta ya Mbeere

Mwalimu wa karakana hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwa miaka kumi na minne tuliyofanya kazi pamoja, mimi mtunza stoo wa chuo chetu, nje kidogo ya mji wa Meru, aliniita Stoo. "Stoo, lete tupa." "Stoo, umekula?" Mpishi alikuwa Jikoni, na mkuu wa chuo, akiwa hayupo karibu, alikuwa Ofisi. Mwanzoni niliudhika, maana mimi ni mama wa watu na nina jina la ubatizo. Baadaye nikazoea, hata siku moja nikaitika sokoni mtu alipotaja stoo ya mahindi, mume wangu akanicheka hadi nyumbani.

Alikuwa mrefu na mkavu, suruali zake fupi juu ya vifundo kwa sababu hakutaka pindo zikokote vumbi karakanani. Shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia kwa kamba ya kiatu. Kioo hicho alikitumia kutazama kila kitu: chuma, kucha za wanafunzi, sukari ya chai. Niliwahi kumwona akitazama chumvi kwa dakika nzima huku chakula chake kikipoa.

Kwao ni Mbeere, upande wa Kiambere, na sisi wa milimani hatukumwacha apumue. Tulimwambia kwao mbuzi hunywa maji kwa zamu. Alijibu bila kutabasamu, "Nyinyi muko na mvua, na vyuma vyenu viko na kutu. Kila mtu ana shida yake."

Neno "karibu hivi" hakulivumilia. Mwanafunzi akisema kitu ni karibu milimita mbili, alimtuma arudi kupima hata kama kengele ya chakula imelia. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Kanisani aliingia mahubiri yakiwa katikati, na ni mzee wa kanisa. Karakana yake ungeweza kulala chini bila kuchafua nguo, ila nyumba yake ya chuoni, niliyoingia mara mbili tu, ilikuwa na vikombe vyenye ukungu na nguo juu ya kila kiti. Aliwanyima walimu wenzake sukari, akawapa mbwa wa chuo maziwa. Sikumwelewa, na bado nilimpenda, nadhani kama mtu anavyompenda mjomba mkorofi.

Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo miaka miwili, akarudi na namna ya kutengeneza vyuma vidogo bila kuvichonga. Alinieleza mara nyingi hata mimi wa funguo na daftari naweza kuieleza. Unachukua unga wa chuma, laini kuliko unga wa ngano. Unauchanganya na nta na plastiki kidogo juu ya moto mpaka uwe kama ugali mzito. Ukiwa bado moto unausindilia kwa mashine ndani ya kalibu. Ukipoa, unatoa kitu chenye umbo kamili lakini laini, ukikibana kwa ukucha kinaacha alama. Halafu unakipasha moto polepole, siku nzima, ili nta itoke. Mwisho kinaingia kwenye tanuri kali, chembe zinashikana, kitu kinanywea na kuwa chuma cha kweli.

Alichotaka kutengeneza ni meno ya cherehani, kile kipande kidogo chini ya sindano kinachosukuma kitambaa. Mafundi wa nguo wa Meru walikuwa na mashine za zamani ambazo vipuri vyake havikuja tena. Meno yakiisha, fundi aliyanoa kwa tupa, yakawa mafupi zaidi, na kitambaa kikaanza kwenda upande. Mwalimu alikaa nao kwenye veranda za maduka, akiinama na kioo chake. Alirudi akisema, "Nitawatengenezea hapa hapa. Ishirini, moja kama lingine." Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake, na sijui mtu mwingine aliyeota kuhusu kitu kidogo hivyo kwa muda mrefu hivyo.

Shida ilikuwa unga. Wa kununua ulikuwa ghali, kwa hiyo alijisagia mwenyewe. Mabaki ya mashine ya kuchongea aliyatia kwenye pipa lenye gololi za chuma, pipa likazunguka wiki baada ya wiki kwa kelele za kumtoa mtu akili. Unga uliotoka hapo ulikuwa na pembe na mikia. Vipande vyake vilitoka na nyufa, au vimepinda, au vimejaa malengelenge kama mkono ulioungua. Aliviweka kwenye mikebe mitatu iliyoandikwa kwa rangi: Nyufa, Kupinda, Malengelenge. Ukimwonyesha kipande chochote, angekigeuza mara moja na kukuambia unga uliokizaa ulikuwaje.

Kuna somo alilofundisha kila mwaka, nami nilikuwa naacha kazi yangu kwenda kulisikiliza. Alileta darasani gunia la machungwa na gunia la kuni, akamwaga mtama ndani ya yote mawili mpaka ukajaa.

"Gani imekula mtama mingi?"

"Kuni, Mwarimu."

"Mtama ndio nta. Unga iko na pembe inataka nta mingi. Sasa hiyo nta yote ikitoka, nyumba inabaki na nini?"

"Mashimo."

"Inanywea vibaya, inapasuka. Na machungwa je? Nikitoa gunia?"

"Yatabingirika."

"Ehe. Unga ikiwa duara kabisa, nta ikitoka, kipande inalala chini kama mlevi. Kwa hivyo tunataka duara, lakini kubwa na ndogo pamoja, hizo ndogo zijaze katikati. Na ikauke. Na isishike kutu. Kutu ikiingia kwa tanuri inatoa hewa, hewa inatafuta njia, ndiyo hiyo malengelenge munaona."

Somo likiisha, wanafunzi walikula machungwa. Alijifanya hajui yameenda wapi.

Kitu kingine alichowafundisha mpaka wakakisema usingizini ni hiki: badilisha kitu kimoja tu. Kipande kikiharibika, usibadilishe unga na moto na nta kwa pamoja, maana hutajua kosa lilikuwa wapi. Badilisha kimoja, ukiona tofauti, umemshika mwizi. Ni kanuni nzuri. Ubaya ni kwamba aliitumia kwa watu pia, na akishamshika mtu hakumwachilia. Wakati mmoja aliamini mwanafunzi fulani amevunja kalibu kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa mgeni wiki ile. Iligunduliwa baadaye kwamba ni mfagiaji. Mwalimu hakuomba msamaha. Alimkopesha kijana kioo chake kwa muhula mzima, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini kijana alitaka kuambiwa neno.

Mtu mmoja tu aliweza kumchekesha. Alikuwa mdogo wake, mfuga nyuki wa Kiambere, aliyepanda Meru mara mbili kwa mwaka akiwa na mtungi wa asali na mabonge ya nta yaliyofungwa kwa gazeti. Wawili hao walikaa nyuma ya karakana wakizungumza Kimbeere na kunywa kutoka kikombe kimoja, ingawa vikombe vilikuwepo. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Sisi wa ofisini tulikuwa tunachungulia dirishani kuona kama ni yeye kweli.

Mdogo mtu alijivunia nta yake. "Mimi nachuja mara tatu," aliniambia, akinipa bonge ninuse. "Mara ya tatu na kitambaa ya kanisa."

Mwaka ambao nataka kuusimulia, chuo alichosomea Mwalimu ng'ambo kilimtumia zawadi: mkebe wa kilo ishirini wa unga safi. Aliufungua mbele yangu, akautazama kwa kioo. Kisha akanipa kioo. Niliona vitone vya duara, vikubwa na vidogo, vya kijivu kinachong'aa. Nikampimia kiasi kidogo, akachanganya na masalio ya nta ya kiwandani, akatengeneza meno matatu. Yalitoka mazima. Aliketi sakafuni, sakafu ile ile aliyotukataza kukanyaga na viatu vya shamba, akayapanga kwenye kiganja.

"Stoo, njoo uone. Hakuna hata ufa."

Ndipo ikaja barua kwamba maofisa wa wizara watatembelea chuo mwezi unaofuata. Waone meno ishirini. Yakiwa mazuri, kozi yake itabaki na tanuri litabaki. Yasipokuwa mazuri, tanuri litahamishwa na kozi itafungwa. Nta ya kiwandani ilikuwa imekwisha. Mwalimu akasema atatumia ya mdogo wake, na alisema kwa fahari, mbele ya mkuu wa chuo.

Sasa nifike kwangu. Mkebe wa unga ulikuwa stoo, chini ya funguo zangu. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu na manyunyu hadi saa sita mchana, na paa la stoo lilikuwa likivuja. Mimi niliyempimia unga wa yale meno matatu sikufunga kifuniko vizuri. Nilipokuja kuangalia, wiki moja kabla ya ugeni, unga ulikuwa umeshikana mabonge kama sukari iliyoingia maji.

Niliogopa. Sitatafuta neno lingine. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na nilikuwa nimeshaonywa mara moja kwa sababu ya misumari iliyopata kutu. Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu aliyekulia kwenye kahawa angefanya akiona mavuno yamelowa. Ijumaa nilibeba mkebe nyumbani kwa mkokoteni, nimeufunika kwa gunia. Jumamosi jua lilitoka. Nilitandika turubai juu ya meza ya kuanikia kahawa, nikamwaga unga, nikaugeuza kwa mikono kila nusu saa kama ninavyogeuza kahawa, ili ukauke sawasawa. Upepo ulivuma kidogo alasiri. Nilifurahi, nikidhani unasaidia. Mabonge yaliyobaki niliyasugua kwenye chekeche ya unga wa ugali.

Jioni nilipopima, kilo mbili hazikuwepo. Upepo ulikuwa umechukua zile chembe ndogo, zile zinazojaza katikati. Na rangi haikuwa kijivu tena. Mtunza stoo anaogopa kilo pungufu kuliko anavyoogopa shetani. Jumatatu asubuhi, kabla wengine hawajafika, nilichota kilo mbili za unga wa pipani, ule wenye pembe na mikia, nikachanganya mpaka mzani ukakubali.

Nilikuwa nimesikia lile somo mara kumi na zaidi. Nilijua yote. Sijui nilidhani nini. Nadhani nilidhani kilo mbili ni kidogo.

Mwalimu alikuja kuchukua unga jioni hiyo, macho yake tayari yalikuwa yameanza kufifia. Akashika unga kidogo kati ya vidole.

"Stoo, mbona iko na rangi ya chai?"

"Ni hiyo balbu mpya, Mwarimu. Hata karatasi inaonekana hivyo."

Alitazama balbu. Akasema, "Sawa." Kwa miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara pekee aliyokubali kitu bila kukipima, na alikikubali kwa sababu nilikisema mimi.

Maofisa walikuja wanne. Meno ishirini yalitolewa tanurini mbele yao, yakiwa yamepangwa kwenye kigae. Saba yalikuwa na malengelenge. Tisa yalikuwa na nyufa mizizini, pale jino linapoungana na bamba. Mengine hayakujaa hata kalibu. Ofisa mmoja alichukua moja, likakatika mkononi, akalirudisha taratibu akasema pole. Mwalimu alitafuta mkebe wa nne, mtupu, kwa yale yasiyojaa. Aliyachukua yote ishirini akayatia mikebeni, kila moja kwa mkebe wake.

Baada ya siku chache mdogo wake akatokea na mtungi wa asali, akitaka kusikia habari njema. Mwalimu alimkuta uwanjani, wanafunzi wakiwa foleni ya chakula.

"Uliweka nini kwa nta?"

"Nta? Hakuna kitu niliweka."

"Uliweka mafuta ya ng'ombe ikuwe mingi. Ama hukuchuja."

"Mtoto wa mama, mimi nilichuja mara tatu."

"Unga ni ile ile. Moto ni ile ile. Kalibu ni ile ile. Kitu moja tu ndiyo ilibadilika, na ilitoka kwako. Umenimaliza."

Mdogo mtu alitutazama sisi sote, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta shahidi. Nilikuwa mlangoni pa stoo, funguo mkononi. Kisha akainua mtungi wake, akarudi nao njia aliyojia.

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema kesho yake, au lori lilipokuja kuchukua tanuri, au siku kozi ilipofungwa na Mwalimu akabaki kufundisha vijana kushika tupa. Kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka nikaanza kujiambia kwamba labda ni nta kweli. Alistaafu kabla yangu. Tulimpa blanketi na saa ya ukutani, akapanda gari la kwenda Embu bila kugeuka.

Miaka ikapita, nami nikastaafu. Siku moja nilikutana mjini na mwanafunzi wake wa zamani aliyeoa kule Mbeere. Akaniambia mdogo wake Mwalimu amefariki mwaka uliopita, na kwamba wawili hao hawakuwahi kusemezana tena, ingawa miji yao ilitenganishwa na ua la minyaa tu. Mwalimu hakwenda hata kumzika. Nilifika nyumbani nikashindwa kumenya viazi. Juma lililofuata nilisafiri.

Kiambere ni joto na vumbi, na bwawa linang'aa mbali huko chini. Nilimkuta amekaa kivulini, mzee kabisa, kioo bado shingoni. Alinitambua kwa sauti nilipopiga hodi.

"Stoo! Umekula?"

Aliniingiza chumbani kwake kunionyesha kazi. Rafu nzima ilikuwa na mitungi ya nta, kila mmoja na karatasi: ya mwaka fulani, ya mzinga fulani, iliyochujwa mara moja, mara tano, iliyochemshwa na maji ya mvua. Alikuwa ameanza kufuga nyuki baada ya kustaafu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiyeyusha na kuchuja, akitafuta kilichoharibu yale meno.

"Bado sijashika kosa yake," alisema. "Lakini iko. Lazima iko."

Nikamwambia. Nilisema nimesimama, haraka haraka, kifuniko na mabonge na meza ya kahawa na balbu. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wanafunzi, kichwa upande.

"Uligeuza na mikono?"

"Ndiyo, Mwarimu."

"Masaa ngapi?"

"Tangu asubuhi mpaka jua ikaisha."

"Na upepo ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Ukaongeza ya pipa."

"Kilo mbili."

Alikaa kitandani. Midomo yake ilikuwa ikienda, nadhani alikuwa akipanga malengelenge kwa kutu, nyufa kwa pembe, kalibu zisizojaa kwa chembe ndogo zilizopotea. Kila kitu kilikaa mahali pake, niliona usoni mwake. Kisha akasema, "Kwa hivyo nta ilikuwa safi."

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alichukua fimbo yake akasema twende, nikamfuata tukazunguka ua la minyaa hadi mji wa pili. Mjane wa mdogo wake alikuwa ameketi chini, akipukuchua ndengu kwenye ungo. Hakuinua uso.

Mwalimu alimwambia kwa Kimbeere, na nilifuata karibu yote, kwa kuwa hakipo mbali na Kimeru. Alimwambia nta haikuwa na kosa. Alimwambia huyu mama ndiye aliyeharibu unga, na yeye mwenyewe, Mwalimu, ndiye aliyemhukumu ndugu yake bure. Akanigeukia. "Mwambie pia wewe." Nikarudia kwa Kiswahili.

Mjane alisubiri nimalize, mikono ikiendelea na ndengu.

"Mzee wangu alijua nta yake ni safi," aliniambia. "Si alichuja yeye mwenyewe? Hakuwa anangoja mtu ya Meru akuje kumwambia." Akamwelekezea Mwalimu kidevu. "Alikuwa anangoja huyu. Hata ile wiki ya mwisho alikuwa anauliza, huyu amepita hapa? Namwambia bado."

Alipuliza maganda kutoka kwenye ungo, akachota ndengu nyingine. Tukabaki pale juani, Mwalimu na fimbo yake na mimi kando yake, kwa muda mrefu, maana hakuna aliyetuambia tuketi.